"Si Wameshaitoa?" Yanayosemwa na Yalivyo Baada ya Upasuaji wa Kongosho

Macho ya baba yalianza kuwa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, ngozi ikawa inamwasha usiku kucha. Tulidhani ni homa ya ini. Kumbe ni uvimbe wa saratani kwenye kichwa cha kongosho, kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachotoa maji ya kuyeyushia chakula, nao ulikuwa umebana mrija wa nyongo. Akapasuliwa. Tangu siku aliyorudi nyumbani, kila aliyekuja kumjulia hali alikuwa na hukumu yake tayari: ama "alhamdulillahi, umeshapona," ama ile ya kunong'onezana jikoni, "huyu Ramadhani haioni." Haya hapa ni yale tuliyoyasikia sana, na yale tuliyojifunza kwa kuuguza.

"Saratani ikiguswa na kisu inasambaa"

Hii ndiyo iliyotuchelewesha. Shangazi alishikilia kwamba upepo ukiingia tumboni, ugonjwa unaruka mwili mzima. Hewa haisambazi saratani. Lakini simcheki shangazi, maana aliyoyaona ameyaona: wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa umeshatoka nje ya kongosho, daktari anafungua tumbo, anakuta hawezi kuutoa, anafunga. Mgonjwa akifa baada ya muda mfupi, lawama inakiangukia kisu. Kwa saratani ya kongosho ambayo haijasambaa, upasuaji ndio unaotoa nafasi halisi ya kuiondoa, mara nyingi ukiambatana na dawa za kuua saratani (kemo).

Na si kila aliyekatwa kongosho ana saratani. Wapo wenye vifuko vya maji, na wapo ambao kongosho limeharibika kwa kuvimba miaka mingi.

"Ni opresheni kama nyingine, wiki mbili yuko sokoni"

Upasuaji aliofanyiwa baba unaitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeutangaza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa ameshafanya wa namna hiyo mwaka 1909. Hutolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wake, wakati mwingine na sehemu ya tumbo lenyewe. Kisha kazi ya kuunga: kongosho lililobaki, mrija wa nyongo na tumbo, vyote vitatu vinashonewa kwenye utumbo.

Mshono wa kongosho ndio unaowakosesha madaktari usingizi. Maji ya kongosho kazi yake ni kuyeyusha chakula, kwa hiyo mshono ukivuja yanaweza kuchoma viungo vya jirani. Ndiyo sababu mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji na mrija ubavuni, na maji yanayotoka humo hupimwa. Tumbo nalo huweza kugoma: chakula kinakaa, hakishuki, mgonjwa anatapika. Baba tumbo lake liligoma siku kumi na moja. Tulidhani ndio mwisho. Daktari alituambia ni jambo wanaloliona mara kwa mara na kwamba dawa yake kubwa ni subira, na kweli likaja kufunguka.

Miaka ya 1960 na 1970, katika hospitali nyingi karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano alikuwa hatoki hai baada ya upasuaji huu. Leo, kwenye hospitali zinazoufanya kwa wingi, vifo viko chini ya 5 kati ya 100. Kumwuliza daktari "huu umeshaufanya mara ngapi?" si utovu wa adabu. Uchovu, lakini, hauna haraka ya kuondoka. Ni suala la miezi.

"Asile mafuta kabisa"

Hapa ndipo tulipomtesa baba kwa mapenzi. Tukamnyima nazi, tukamnyima samaki wa kukaanga, tukampa uji na matunda, naye akazidi kukonda. Choo chake kilikuwa cheupe, chenye mafuta, kinaelea na kunuka vibaya, hakiondoki hata ukimwaga ndoo mbili za maji. Tukajua saratani imerudi.

Haikuwa imerudi. Kongosho lililobaki lilikuwa halitoi vimeng'enya vya kutosha, hivyo chakula kilikuwa kinapita bila kuyeyushwa. Hospitali tuliyoruhusiwa kutoka haikutuambia neno juu ya hilo, tuliambiwa miezi miwili baadaye, kliniki, na muuguzi aliyeuliza swali moja tu: "Choo kikoje?" Vipo vidonge vya vimeng'enya. Humezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza, na mlo ukiwa mrefu vingine katikati. Havitafunwi, wala havimezwi na chai ya moto, kwa kuwa joto huviharibu. Baada ya kuvianza, baba alirudi kwenye wali wa nazi, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku badala ya sahani moja ya kujaza. Anayekonda hahitaji kunyimwa mafuta, anahitaji msaada wa kuyayeyusha. Vitamini A, D, E na K nazo hupungua mafuta yasiposharabiwa, kwa hiyo ziulizie.

Jambo moja husemwa kwa kuchelewa: vidonge hivi hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Baba alipogundua aliviweka chini. Tulikwenda kwa sheikh wetu, akamsomea aya ya dharura katika Suratul Baqara na kumwambia ameze. Mwingine atasikia jibu lake kwa mwalimu wake, ila aulize kabla ya kuacha.

"Kongosho likikatwa, kisukari lazima"

Likitolewa lote, ndiyo, na insulini itakuwa ya maisha. Likikatwa sehemu, wengine hupata, wengine hawapati, na asiyekipata mwanzoni anaweza kuja kukipata baadaye. Pima sukari mara kwa mara.

"Bandama halina kazi"

Wanaokatwa mkia wa kongosho mara nyingi hutolewa na bandama. Bila bandama, malaria na baadhi ya bakteria humshika mtu vibaya zaidi. Kuna chanjo za kumkinga dhidi ya bakteria hao. Homa kwake si ya panadoli na kusubiri asubuhi. Ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

"Wameshaitoa, basi imekwisha." Na ndugu yake: "Kipimo kimepanda, basi amekwisha."

Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama Kuu ya Marekani alitolewa sehemu ya kongosho Februari 2009, na mwezi huohuo akarudi kazini. Alifariki Septemba 2020, kwa matatizo ya saratani ya kongosho. Miaka zaidi ya kumi na moja. Ukitaka kuiita habari njema au mbaya, utajua mwenyewe.

Baba hupimwa damu na kupigwa skani kila baada ya miezi kadhaa. Kipimo cha damu kinachoitwa CA 19-9, cha kufuatilia saratani hii, hupanda hata mrija wa nyongo ukiziba tu, na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kile kinachopimwa, hata wakiwa na saratani. Namba moja peke yake haihukumu mtu. Tumejifunza kuuliza kabla ya kutoka kliniki: majibu yatakuja lini, na nani atatupigia? Siku zile za katikati ndizo nzito. Baba hapokei wageni wa "daktari kasemaje?" Yuko jirani mmoja tu anayeingia wakati wowote, kwa sababu yeye huuliza, "Mzee, leo umekula nini?" Na baba humjibu kwa kirefu, mpaka aina ya samaki.