Mjadala wa zamani si takataka

Mimi ni mkabidhi, yaani mmoja wa wasimamizi, wa Wikipedia ya Kiswahili. Wiki hii nimeletewa tena ombi lile lile kwenye ukurasa wangu wa majadiliano: "Ndugu mkabidhi, tafadhali futa mjadala ule, ni wa zamani na unachafua makala." Kwa miaka nimekuwa nikijibu kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Leo najibu wote kwa pamoja, kwa sababu dhana iliyo nyuma ya ombi hili inaniumiza. Mtu anaamini kwamba maneno yakizeeka yanakuwa takataka, na kwamba kazi yangu ni kushika ufagio.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, na huko ndiko yalikoamuliwa mambo mengi ambayo msomaji anayakuta leo yametulia kana kwamba hayakuwahi kuleta ubishi. Chukua kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Anakuja mhariri kutoka Nairobi anaweka "tarakilishi", anakuja wa Dar es Salaam anarudisha "kompyuta", na kila mmoja ana hakika mwenzake anaharibu lugha. Nikiwa na mjadala wa zamani nawapeleka huko: hoja yako ilishatolewa, huyu alileta kamusi, huyu alipinga, na hapa ndipo walipokubaliana. Nikiwa nimeufuta, tunaanza moja. Na safari hii yule aliyekuwa na kamusi mezani hayupo. Amechoka, ameacha, au ametangulia mbele ya haki.

Mjadala ukizeeka unahamishiwa hifadhini. Unakata, unabandika kwenye ukurasa mdogo wa hifadhi, unaacha kiungo juu. Napendelea hivyo kuliko kuhamisha ukurasa mzima, maana ukiuhamisha, historia nayo inaondoka, na anayetafuta nani alisema nini mwaka 2011 anaanza kuhangaika. Hifadhi haihaririwi. Una la kuongeza? Fungua sehemu mpya chini, weka kiungo cha mjadala wa awali. Kujibu swali la miaka kumi na mitano iliyopita hakuna ubaya wowote. Aliyeuliza huenda asirudi, lakini wapo wengine wenye swali hilo hilo.

Hayo ni mepesi. Panapoharibika ni pale watu wanapochanganya la zamani na lisilofaa, kisha wakatumia neno "futa" kwa yote mawili kana kwamba ni kitendo kimoja.

Ukiitoa sentensi kwenye ukurasa na kuhifadhi mabadiliko, umeiondoa machoni tu. Bado imo kwenye historia, na yeyote anaweza kuifungua. Matusi ya kawaida yanaishia hapo, na panatosha. Nikifuta ukurasa mzima, wewe hutauona, lakini wakabidhi wote tutaendelea kuusoma. Kati ya hayo mawili kuna kuficha matoleo, yaani ukurasa ulivyokuwa kila ulipohaririwa: naweza kuficha maandishi, maelezo ya uhariri au jina la mhariri, kila kimoja kwa nafasi yake, na kumbukumbu zinaonyesha wazi kwamba nimeficha. Juu ya yote kuna ufichaji ambao hata mimi mkabidhi sioni kilichofichwa. Kanuni inataka wiki, yaani Wikipedia ya lugha fulani, yenye watu wa mamlaka hiyo iwe nao wawili au zaidi ili wachungane, na wiki ndogo kama yetu haina. Tunawaandikia, kwa faragha, wale wachache wanaochaguliwa kuhudumia wiki zote.

Sasa sikiliza kitu ambacho karibu hakuna mwombaji anayekijua. Mwanafunzi anaandika saa mbili asubuhi kwenye majadiliano ya makala ya shule fulani: "Naomba nafasi ya kidato cha tano, namba yangu ni hii." Hutokea mara nyingi, watu hudhani ukurasa ule ni ofisi ya mkuu wa shule. Saa tatu mwingine anauliza kuhusu picha. Saa nne mwingine anasahihisha tahajia. Kila mmoja anapohifadhi, programu inatunza ukurasa wote kama ulivyo wakati huo, pamoja na ile namba. Nikija jioni, kuficha toleo la saa mbili peke yake hakusaidii kitu. Lazima nifiche na la saa tatu, na la saa nne, yote yaliyobeba namba hiyo mpaka ilipotolewa. Ikikaa miaka sita kwenye ukurasa wenye shughuli nyingi, nafunika kazi ya watu kadhaa wasio na kosa lolote. Majina yao yanabaki kwenye orodha, lakini msomaji hawezi tena kulinganisha matoleo akajua nani aliandika nini. Na leseni yetu, CC BY-SA, imesimama juu ya kumtambua aliyeandika! Ndiyo maana nikiona namba ya simu ya mtoto naacha kila kitu nilichokuwa nafanya, huku ombi la "futa, ni wa zamani" likisubiri hata mwezi.

Kuna na nakala. Hifadhidata ya Wikipedia hutolewa kwa umma kila mwezi, tovuti nyingine hunakili kurasa zetu, na Wayback Machine, huduma inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, nayo hupita. Kilichofichwa mapema hakiingii kwenye nakala zijazo. Kilichokwisha kuchukuliwa hakimo mikononi mwangu. Anwani za IP, zile namba za mtandao zilizokuwa zikionekana mtu alipohariri bila kuingia kwenye akaunti, ni mfano mwingine. Mwaka 2025 wiki nyingi zilianza kuwapa akaunti za muda wanaohariri bila kuingia, lakini anwani walizoacha watu kwenye mijadala ya nyuma zimebaki palepale.

Kwa hiyo nakuomba: ukiona jambo la hatari, usilitangaze. Usiandike kwenye ukurasa wa jumuiya "jamani, angalieni kuna namba ya fulani hapa, ifutwe." Umewaita watu waje kuiona. Tuma barua pepe. Aprili 2013 idara ya upelelezi wa ndani ya Ufaransa ilimwita mkabidhi mmoja wa Wikipedia ya Kifaransa, ikamlazimisha afute makala kuhusu kituo cha mawasiliano ya kijeshi cha Pierre-sur-Haute. Akafuta. Haikuchukua muda, mhariri aliyekuwa Uswisi akairudisha, na makala ambayo karibu hakuna aliyekuwa akiijali ikawa kwa siku hizo inayosomwa kuliko zote katika Wikipedia ya Kifaransa. Kama dola imeshindwa kufuta kwa kelele, wewe na mimi tusijaribu.

Nina mashaka yangu pia. Uongo juu ya mtu aliye hai unatoka, hata ukiwa kwenye majadiliano, hapo sisiti. Lakini kwenye majadiliano ya makala za makabila kuna maneno ya miaka mingi iliyopita yanayodharau watu wa jamii nzima. Hayamtaji mtu. Chini yake kuna majibu mazuri ya wenyeji, yaliyosababisha sentensi mbovu iondolewe kwenye makala. Nikiyatoa yale maneno, majibu yanabaki yananing'inia. Nayaacha. Kila nikipita pale nauliza kama ningeyaacha iwapo wangekuwa watu wa kijijini kwetu.

Na kuna yule aliyeandika akiwa na miaka kumi na minne, kwa jina lake kamili, akabishana kitoto. Sasa anatafuta kazi. Akaunti inaweza kubadilishwa jina, lakini sahihi alizoweka kwenye mijadala hazibadiliki zenyewe, ni maandishi kama maandishi mengine. Zamani nilikuwa najibu kwamba kilichosemwa kimesemwa. Nilikosea kwa baadhi yao, na wawili watatu nawakumbuka mpaka leo. Siku hizi nabadilisha sahihi kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na hoja zao naziacha zilivyo. Wapo wakabidhi wenzangu wanaoona navunja utaratibu kwa kugusa maandishi ya hifadhini. Wana hoja, na bado naendelea.

Ombi la wiki hii nimelifanyia kazi. Mjadala wenyewe ni wa mwaka 2012, watu watatu wanabishana juu ya tahajia ya jina la mji. Hakuna tusi, hakuna namba ya mtu. Aliyeomba ufutwe ni mmoja wa wale watatu, yule ambaye hoja yake haikukubaliwa. Nimeuhamishia hifadhini leo asubuhi, kiungo kiko juu ya ukurasa, na nimemwandikia kwamba kama amepata ushahidi mpya kuhusu ile tahajia, sehemu mpya iko wazi chini.