Je, wajua kwa nini kambare wengine wa tangini hutaka maji laini?

Chukua kambare wawili wanaofugwa kwenye tangi la kioo. Mmoja ni Synodontis wa Ziwa Tanganyika, ambako pH ya maji, yaani kipimo cha tindikali (chini ya 7 ni yenye tindikali, juu yake ni kinyume), hukaribia 9. Wa pili ni Corydoras, kambare mdogo mwenye mabamba ya mfupa ubavuni, ambaye jamaa zake wengi hutoka mito ya Amazon na Orinoco. Huko kuna vijito ambavyo pH yake hushuka chini ya 5. Wote wana sharubu, wote hupekua mchanga. Ila ukiwapa maji ya aina moja, mmoja wao unamtesa.

Maji laini ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo. Sabuni hutoa povu upesi. Wafugaji hupima ugumu kwa digrii, na digrii moja ni karibu miligramu 18 za kalsiamu kaboneti katika lita. Chini ya 4 ni laini sana, hadi 8 bado ni laini. Maji ya Mto Negro, wenye rangi ya chai ya rangi, ni laini kupindukia kwa sababu mvua yake hupita kwenye mchanga na miamba mikongwe iliyokwisha kuoshwa madini yake tangu zamani, kisha majani yanayooza yakaongeza tindikali.

Sasa mwili wa samaki. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia mfululizo kupitia matamvua, na figo huyatoa bila kupumzika. Chumvi anayoipoteza huirudisha kwa kuinasa majini. Samaki wa mito laini amezaliwa na matamvua hodari wa kunasa chumvi chache na kuzishika zisitoke. Kumhamisha ghafla kwenda maji magumu ni kumvurugia hesabu hiyo yote. Samaki mkubwa, hasa aliyezalishwa na wafugaji, mara nyingi huzoea. Mayai ndiyo yenye shida zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka na Corydoras wenye afya asione kifaranga hata mmoja.

Wengi hukimbilia kupima pH na kununua dawa ya tindikali ya kuishusha. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo huharibika. Katika maji magumu kaboneti huimeza ile tindikali na kesho pH imerudi palepale. Samaki amepandishwa na kushushwa bure. Anza na madini, pH itafuata.

Maji laini nayo yana hatari yake, na ni ya kimyakimya. Bakteria wa kwenye chujio hugeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa naitreti, na kazi hiyo huzalisha tindikali. Kaboneti ikiwa kidogo, huisha, na pH huporomoka. Ikishuka chini ya 6, bakteria wenyewe huzorota na uchafu hurundikana. Cha ajabu, samaki huenda wasionyeshe dalili kubwa, kwa kuwa kwenye tindikali karibu amonia yote huwa amoniamu, isiyo na sumu kali. Mwenye tangi akimwaga magadi au maji mengi magumu ili "kurekebisha", amoniamu ile hugeuka tena kuwa amonia. Kwenye pH 7 na joto la 25°C, amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Samaki hufa siku ya matengenezo.

Kwa Corydoras wengi, pH kati ya 6 na 7.5, ugumu usiozidi digrii 10 na joto la 22 hadi 26°C vinatosha. Usiyachukulie hayo kuwa ya kambare wote wa Amazon: Hypancistrus zebra wa Mto Xingu hutaka 27 hadi 30°C na mkondo wenye nguvu, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Corydoras yeye hupanda mbio juu, hugugumia hewa na kuifyonza kwa utumbo. Akifanya hivyo mara moja moja, mwache. Akifanya kila dakika, kagua oksijeni.

Ili kulainisha maji, changanya ya bomba, yaliyotolewa klorini, na ya mvua safi au yaliyochujwa kwa mashine inayoondoa madini. Hayo ya mashine usiyatumie peke yake, hayana hata kidogo kinachohitajika. Mashine za kulainisha maji ya nyumbani hazifai. Huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu. Majani makavu ya mti wa mkungu huongeza tindikali kidogo, hayaondoi ugumu. Na kabla ya kutia jiwe lolote tangini, lidondoshee siki: likitoa mapovu lina chokaa, na litakuwa likikugumishia maji kila wiki huku wewe ukilaumu bomba.