Maswali ya Wabunge kwa Mawaziri: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kikao cha asubuhi cha Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, jijini Dodoma, hutenga muda wa maswali kabla ya kuingia katika shughuli nyingine kubwa za siku, na kwa wananchi wengi huo ndio muda pekee wa Bunge wanaousikia redioni au kuuona kwenye simu. Kwa kuwa vipande vinavyosambaa ni vifupi, zimejengeka imani nyingi kuhusu kile ambacho mbunge anaweza kumtaka Waziri akieleze, hasa juu ya huduma za umma na uteuzi wa viongozi. Matokeo yake ni kwamba mwananchi humdai mbunge wake jambo lililo nje ya uwezo wake, na humsamehe lile ambalo alipaswa kulifanya.

Dhana: Waziri anapojibu swali, anamfanyia mbunge hisani.

Ukweli ni kwamba Katiba ya mwaka 1977 haikuacha jambo hili kwenye utashi wa mtu. Ibara ya 63(2) inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na ibara ya 63(3)(a) inaliruhusu kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 53(2) nayo inasema kwamba Mawaziri, wakiongozwa na Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja bungeni. Mbunge wa chama kinachounda Serikali hayuko nje ya wajibu huu. Anayedhani kwamba kuuliza ni kazi ya upinzani peke yake amekiondolea chama kikubwa bungeni jukumu ambalo Katiba imelikabidhi Bunge zima.

Dhana: Maswali yote ni ya kushtukiza, na Waziri hujibu kutoka kichwani.

Swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi mapema, likapangwa na Ofisi ya Bunge na kupelekwa wizarani, ambako wataalamu huandaa jibu. Siku ikifika, mbunge husimama na kuomba swali lake lipatiwe majibu, na mara nyingi Naibu Waziri ndiye anayelisoma jibu kwa niaba ya Waziri. Hilo, basi, ni jibu la wizara nzima, na kukosekana kwa takwimu ndani yake hakuwezi kuelezwa kwa kukosa muda wa kujiandaa. Maswali ambayo hayatolewi taarifa mapema ni yale anayoulizwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, pamoja na maswali ya nyongeza yanayofuata jibu la msingi, ambayo muulizaji kwa kawaida hupewa mawili.

Kwa maoni yangu, hapa kwenye nyongeza ndipo fursa nyingi zinapopotea. Mbunge hutumia nusu ya muda wake kuishukuru Serikali kwa mradi uliopita, kisha huuliza jambo jipya kabisa ambalo Waziri atalijibu kwa kuahidi kulifuatilia, na kasoro iliyokuwa wazi katika jibu la msingi inabaki bila kuguswa. Mbunge anayeuliza Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya katika jimbo lake atajibiwa kwa maelezo ya jumla, kwa sababu ameuliza jambo la jumla. Lakini anayeuliza ni zahanati ngapi zimekamilika majengo na hazijafunguliwa kwa kukosa watumishi, upungufu wa wauguzi ni kiasi gani ukilinganishwa na ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, na halmashauri iliomba kibali cha kuajiri watu wangapi, amemlazimu Waziri kutaja hesabu inayoweza kuhakikiwa kijiji kwa kijiji.

Dhana: Bunge ndilo linaloidhinisha viongozi wote wanaoteuliwa.

Dhana hii huenda inatokana na habari za nchi jirani ya Kenya, ambako wanaopendekezwa kuwa mawaziri husailiwa na kamati ya Bunge kabla ya kuidhinishwa. Tanzania utaratibu ni mwingine. Ibara ya 36 inampa Rais madaraka ya kuteua viongozi wanaoweka sera za idara na taasisi za Serikali pamoja na watendaji wakuu wanaosimamia utekelezaji wake, na Mawaziri wenyewe huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge bila kupigiwa kura bungeni. Uteuzi unaohitaji kuthibitishwa na Bunge ni wa nafasi chache sana. Uteuzi wa Waziri Mkuu ni mmojawapo, na wa Makamu wa Rais anayejaza nafasi iliyoachwa wazi ni mwingine, kama ilivyofanyika Machi 2021 Bunge lilipomthibitisha Dkt. Philip Mpango.

Je, hiyo inamaanisha kwamba mbunge hana la kuuliza kuhusu uteuzi? Wapo wanaoamini hivyo, na nadhani imani hiyo inadhuru zaidi kuliko ile ya kwamba Bunge huidhinisha viongozi wote. Mbunge hawezi kuuzuia uteuzi wa Katibu Mkuu au Mkuu wa Wilaya, ila anaweza kumtaka Waziri mwenye dhamana ya utumishi wa umma aeleze kwa nini nafasi fulani imekaa wazi muda mrefu na nani anafanya kazi zake. Suala la kukaimu linastahili kuulizwa kila mkutano wa Bunge. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaelekeza kwamba mtumishi asikaimu nafasi kwa zaidi ya miezi sita, na bado malalamiko ya wakuu wa idara na vitengo wanaokaimu kwa miaka yamejitokeza mara kwa mara bungeni. Mkuu wa idara anayekaimu hana uhakika wa kesho yake, huogopa kufanya maamuzi mazito, na wanaoumia ni wanaosubiri dawa, maji au hati za ardhi. Vilevile, ajira za walimu na wauguzi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira si siri ya Serikali. Idadi ya waombaji, vigezo vya usaili na mgawanyo wa waliopangwa vituo ni mambo ya umma yanayoweza kuulizwa na kujibiwa hadharani.

Dhana: Waziri akisema Serikali itajenga, fedha zimeshapatikana.

Jibu la swali halitengi fedha. Matumizi hupitia bajeti, na ibara ya 99 ya Katiba hailiruhusu Bunge kuongeza matumizi kwa uamuzi wake lenyewe bila pendekezo la Rais kuwasilishwa na Waziri, ingawa linaweza kuyapunguza. Katika mwanya huo wa kupunguza ndipo lilipo jambo ambalo wabunge hulitaja kwa fahari wakati wa bajeti, yaani kushika shilingi. Mbunge asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri, na Waziri analazimika kusimama tena na kufafanua. Nyingi ya shilingi hizo hurudishwa baada ya ahadi. Simlaumu anayeirudisha kwa ahadi yenye tarehe na kifungu cha bajeti, lakini anayeirudisha kwa neno la kwamba suala litafanyiwa kazi anawarudisha wapiga kura wake walipokuwa.

Dhana: Waziri yeyote anaweza kuulizwa kuhusu barabara au hospitali yoyote.

Barabara za TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ziko chini ya Wizara ya Ujenzi, ilhali zile za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Zahanati, vituo vya afya na shule za msingi na sekondari za Serikali husimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI hiyo hiyo, hata kama sera zinatoka wizara za Afya na Elimu. Afya na elimu ya msingi kwa upande wa Zanzibar si mambo ya Muungano, na maswali yake huulizwa katika Baraza la Wawakilishi.

Dhana: Jibu likishasomwa, limepita.

Kila swali na jibu huingia katika Taarifa Rasmi ya Bunge, likiwa na namba ya swali, tarehe ya kikao na jina la aliyejibu, na mbunge makini huanza swali lake jipya kwa kunukuu ahadi ya zamani. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa mwananchi pia. Anayehudhuria mkutano wa mbunge wake anaweza kumwomba ataje namba ya swali aliloliuliza kuhusu kisima au zahanati ya kata yao, jibu alilopewa, na siku anayokusudia kulirudisha bungeni.