Kukata migomba kabla ya baridi hakuharakishi mkungu

Kila baridi ya Juni inapokaribia, kwenye makundi ya simu huzunguka ujumbe uleule: fyeka migomba yote hadi chini, itachipua upya na kuzaa haraka. Si kweli, na hasara yake ni kubwa kwa mwenye shamba Rungwe au Mufindi.

Kile tunachokiita shina la mgomba ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe ni tunguu lililo ardhini. Ua huanzia huko chini, likapanda polepole katikati ya maganda kwa wiki kadhaa kabla hujaliona juu. Ukikata mgomba uliokaribia kuzaa, umekata na mkungu uliokuwa njiani, na mgomba huo hautatoa mwingine. Huo ndio uchungu wake.

Thibitisha mwenyewe. Ukishavuna mkungu, kata mgomba huo kwa kuukingamisha. Utaona maganda yamezungukana kama vitunguu, na katikati moyo mweupe, mgumu: ndiyo njia ya ua.

Nadhani mkanganyiko unatokana na kazi halali. Mgomba uliokwisha kuvunwa hukatwa, machipukizi ya ziada hupunguzwa, majani makavu huondolewa. Baridi nayo hupunguza kasi ya kukua, basi mtu akiona mgomba umesimama anadhani unahitaji panga. Unahitaji muda tu, matandazo na samadi.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie kwa upole aliyekutumia akague shina lililovunwa.