Mechi ya Saba Haina Siri

Juzi tukimaliza mazoezi ya mpira wa kikapu, mchezeshaji wetu mdogo, kijana wa miaka 17, alinifuata nikikusanya mipira. "Kocha, kwani hawa wa NBA hawawezi kucheza fainali moja wakamaliza, kama Kombe la Dunia? Mechi saba zote hizo ni za nini? Si ni tiketi tu wanauza?"

Nikamwambia tiketi wanauza, tena kwa bei ambayo mimi na yeye tukichanga hatufiki. Lakini jibu lenyewe lilikuwa refu, na bawabu alishaanza kuzima taa. Nimelileta hapa.

Kazi yangu kwenye klabu ni video. Kocha mkuu akipiga kelele kando ya uwanja, mimi niko nyuma na daftari, naandika nani anamkaba nani, nani amechelewa kurudi, mchezo gani umetupa pointi za bure. Ndiyo maana nikitazama fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, danki, ile ya kuruka na kuzamisha mpira kikapuni, hazinishughulishi sana. Natafuta kilichobadilika tangu mechi iliyopita.

Hesabu kwanza, tuimalize. Tuseme timu moja ni bora kidogo, inashinda mara 6 kila wakikutana mara 10. Fainali ikiwa mechi moja, mnyonge ana asilimia 40 ya kubeba kombe. Wakicheza mpaka mmoja afikishe ushindi 4, mnyonge anabaki na asilimia 29 hivi. Bahati imepunguzwa makali, haijafutwa. Na timu zikitoshana nguvu kabisa, karibu mara moja katika kila tatu zitafikishana mechi ya saba. Hadi 2025 jambo hilo lilikuwa limetokea mara 20 katika fainali 79.

Lakini hesabu haiwezi kunitoa kitandani saa tisa usiku. Kinachonitoa ni kitu ninachokiona pale kwetu kwenye steji ya matatu, ambapo wazee wawili hucheza drafti kwa vifuniko vya soda kila jioni. Wamechezeana miaka. Hakuna mtego ambao mmoja anao na mwenzake haujui, na kwa sababu hiyo michezo yao inachukua muda mrefu na mara nyingi inaamuliwa na nani amechoka kufikiri. Mfululizo wa mechi saba unawafanya wageni wawili wawe wazee wale katika wiki mbili na nusu.

Mechi ya kwanza na ya pili ni za kupimana. Ya tatu na ya nne ndizo za makocha. Mwaka 2015 Golden State Warriors walikuwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland Cavaliers. Kocha Steve Kerr akamtoa Andrew Bogut, jitu la katikati, kwenye kikosi cha kuanza, akamwingiza Andre Iguodala, ambaye msimu mzima hakuwa ameanza hata mechi moja. Warriors wakashinda tatu mfululizo, na Iguodala akatajwa mchezaji bora wa fainali. Wazo lile halikuwa la Kerr mwenyewe. Lilitoka kwa Nick U'Ren, kijana wa benchi la ufundi aliyekuwa akichambua video. Kocha wangu mkuu nimemsimulia kisa hiki mara nyingi kuliko anavyopenda.

Mwaka uliofuata timu zilezile zikakutana tena. Warriors walikuwa wametoka kushinda mechi 73 na kupoteza 9, rekodi ya msimu wa kawaida, na fainalini wakaongoza 3 kwa 1. Halafu mchezaji wao Draymond Green akasimamishwa mechi ya tano kwa kulimbikiza faulo mbaya, na katika mechi hiyohiyo Bogut akaumia goti. LeBron James na Kyrie Irving wa Cavaliers wakafunga pointi 41 kila mmoja. Watu husimulia hayo, na ni kweli. Daftari langu la mwaka ule, hata hivyo, limejaa jina moja: Stephen Curry wa Warriors, akiwa anakaba. Cavaliers waliamua kwamba yeyote anayekabwa na Curry atakuja kumwekea skrini mwenye mpira, yaani kusimama njiani mwa mlinzi wake, ili walinzi wabadilishane, na Curry ajikute uso kwa uso na James au Irving. Walifanya hivyo mchana kweupe, mara baada ya mara. Warriors walijua, na sisi huku tulijua.

Mechi ya saba ilichezwa Oakland. Kwetu ilikuwa Jumatatu tarehe 20 Juni 2016, kabla ya alfajiri. Nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu, naangalia kwa intaneti inayochelewa kama nusu dakika. Jirani wa juu alikuwa na dishi. Basi matokeo 89 kwa 89, mimi kwenye simu naona Cavaliers bado wana mpira, mara juu kukasikika mlio wa kiti kuanguka na mtu anapiga yowe. Nikajua limetokea jambo, sijui lipi. Sijawahi kuona sekunde ndefu vile. Ndipo kwangu Irving akakosa, Iguodala akaunyakua mpira akatoka mbio, akapasiana na Curry, akaupokea tena, akaruka aweke kikapuni, na James akatokea nyuma akaubandika mpira kwenye ubao. Zilikuwa zimebaki dakika 1 na sekunde 50.

Yowe la pili lilikuwa la Irving. J.R. Smith anakuja kuweka skrini, Klay Thompson anamwachilia Irving, Curry anabadilishana. Mchezo uleule wa tangu mwanzo. Irving akadunda, akasogea kulia, akaachia. Pointi tatu. Zimebaki sekunde 53. Mechi ikaisha 93 kwa 89, na Warriors hawakufunga hata pointi moja katika dakika nne na nusu za mwisho.

Jioni yake nilijumlisha pointi za mechi sita za kwanza, nikarudia kwa kalkuleta kwa kuwa sikuamini: 610 kwa 610.

Ukitazama matokeo ya mechi za saba utaona pointi zinakauka. Mwaka 1994 Houston waliwashinda New York 90 kwa 84, Hakeem Olajuwon wa Lagos akiwa nguzo yao, huku John Starks wa New York akiingiza mitupo 2 kati ya 18. Mwaka 2010 ilikuwa 83 kwa 79. Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers aliingiza mitupo 6 kati ya 24 na bado akawa bingwa, kwa kuwa siku mtupo unapokataa yeye alikwenda kugombania ribaundi, mipira inayorudi mtupo ukikosa, akachukua 15. Miguu ikichoka mtupo ndio wa kwanza kuondoka. Ulinzi na ribaundi hubaki, kwa kuwa hivyo ni ubishi. Nadhani ndiyo sababu mwenyeji ameshinda 16 kati ya zile 20: kelele za nyumbani hazikufundishi kutupa, ila zinakurudisha kukaba ukiwa hoi.

Hapa Kenya fainali za ligi ni za ushindi wa mechi tatu katika tano, na KPA, timu ya mamlaka ya bandari, wakifika, inabidi watu wapande na washuke kati ya Makande, Mombasa, na Nyayo, Nairobi. NBA huwa na siku mbili hivi kati ya mechi. Sisi mara nyingi tuna usiku mmoja, kwa hiyo mimi hukata video mpaka saa nane, nikaonyesha vipande vinane asubuhi kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka. Vipande tisa, wachezaji wanaanza kusinzia.

Kuna kitu kimoja ambacho video haiwezi kukiandaa. Mwaka 2025 Indiana Pacers na Oklahoma City Thunder walifikishana mechi ya saba. Tyrese Haliburton, mchezeshaji wa Pacers, alikuwa na maumivu ya msuli wa nyuma ya mguu tangu mechi ya tano. Mimi nilikuwa nimejaza kurasa tatu juu yake kabla ya mpira kurushwa. Robo ya kwanza akafunga mitupo ya pointi tatu mara tatu, kisha akapiga hatua moja na kuanguka, akabaki anapiga sakafu kwa kiganja. Pacers wakaenda mapumziko wakiongoza kwa pointi moja bila yeye. Robo ya tatu Thunder wakawakimbia, na ikaisha 103 kwa 91.

Kijana wetu ameliomba daftari lile, nimempa. Kwenye ukurasa wa mechi ya saba atakuta "Haliburton, tatu" imeandikwa mara tatu, kisha mstari wa kalamu uliokwenda mpaka pembeni, na chini yake: McConnell anaingia.