Bwawa, bustani na uwanja wa mpira: mji mdogo wa Marekani unapoomba fedha za Washington

Desemba 2008, uchumi wa Marekani ukiporomoka, umoja wa mameya wa nchi hiyo ulipeleka Washington orodha ya miradi 11,391 ambayo miji ilisema iko tayari kuanza. Gharama yake ilikuwa takriban dola bilioni 73. Mingi ilikuwa barabara, mabomba ya maji, shule na usafiri wa umma, lakini mabwawa ya kuogelea na makumbusho pia yalikuwemo, na wapinzani wakayashikilia hayo. Sheria ya kufufua uchumi iliposainiwa tarehe 17 Februari 2009, kifungu chake cha 1604 kilikataza fedha hizo kutumika kwa kasino, nyumba za maonyesho ya samaki, bustani za wanyama, viwanja vya gofu na mabwawa ya kuogelea.

Kuliweka bwawa la watoto wa mji maskini kwenye sentensi moja na kasino ni jambo ambalo sikubaliani nalo hata leo. Lakini kifungu kile kinafundisha kitu: "mradi usio wa lazima" hauna tafsiri moja ya kudumu. Kila sheria ya fedha inaandika orodha yake. Mwaka 2021 upepo ukageuka. Sheria ya uokoaji wakati wa korona ilizipa serikali za majimbo, miji na makabila dola bilioni 350, na kanuni za Wizara ya Fedha zikaruhusu kila halmashauri kuhesabu hadi dola milioni 10 kuwa ni mapato yaliyopotea, bila kuleta ushahidi wa hesabu, kisha kuzitumia kwa karibu huduma yoyote ya kawaida ya serikali. Kwa miji midogo mingi kiasi hicho kilifunika mgao wao wote. Mlango huo umefungwa: fedha zilipaswa kuwa zimefungwa kwenye mikataba ifikapo 31 Desemba 2024, na mwisho wa kuzitumia ni 31 Desemba 2026. Halmashauri zilizozoea ulegevu ule sasa zinarudi kwenye njia za kawaida. Hapo ndipo zinapokwama, na kwa kawaida hukwama fedha zikiwa zimeshaidhinishwa.

Njia inayokimbiliwa zaidi ni ya mbunge. Msomaji wa Kenya au Tanzania aliyezoea mfuko wa maendeleo wa jimbo aiondoe picha hiyo kichwani, kwa sababu mbunge wa Marekani hana mfuko wake. Anachoweza ni kuomba mradi utajwe ndani ya bajeti ya taifa kwa jina, mpokeaji na kiasi. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2011 baada ya lawama nyingi. Mfano uliotajwa kuliko yote ni daraja la kisiwa cha Gravina huko Ketchikan, Alaska, lililotengewa dola milioni 223 mwaka 2005. Kisiwa kilikuwa na wakazi wapatao 50 na uwanja wa ndege wa mji, na daraja halikujengwa. Utaratibu ulirudi mwaka 2021 ukiwa na masharti mapya: katika Baraza la Wawakilishi unaitwa Community Project Funding, katika Seneti unaitwa Congressionally Directed Spending. Kampuni za kibiashara haziruhusiwi kupokea. Mbunge lazima atie saini kwamba yeye na familia yake hawana maslahi ya kifedha katika mradi, na kila ombi linawekwa wazi mtandaoni. Bajeti ya mwaka wa fedha 2022 ilibeba miradi 4,963 yenye dola bilioni 9.1, ya 2024 ilibeba miradi 8,098 yenye dola bilioni 14.6.

Kwa bustani na kumbi za jamii, kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya yote. Kwanza, tangu bajeti ya 2024 kamati ya Baraza la Wawakilishi ilikataa makumbusho, minara ya ukumbusho na miradi inayobeba jina la mtu au taasisi kwa heshima. Pili, ilidai kila ombi lionyeshe ni sheria ipi ya shirikisho inayoruhusu matumizi ya aina hiyo. Masharti hubadilika kila mwaka na kila kamati ndogo ina yake, kwa hiyo anayenakili ombi la mwaka jana anaomba kwa kanuni zilizokufa.

Ratiba ndiyo huwaangusha wengi mapema. Mwaka wa fedha wa shirikisho unaanza 1 Oktoba, lakini ofisi za wabunge hufungua fomu zao miezi ya mwanzo wa mwaka na kuzifunga baada ya wiki chache. Hadi Desemba iliyotangulia, halmashauri iwe na azimio la madiwani, makadirio ya gharama yaliyosainiwa na mhandisi, hati ya ardhi na barua za wananchi. Iwe pia imesajiliwa kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya shirikisho wa kusajili wanaopokea fedha zake, na kupata kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 12. Usajili huo ni bure, unahuishwa kila mwaka, na jina lililomo lifanane na jina la kisheria la mji. Ombi likiandikwa kwa jina la idara ya bustani wakati aliyesajiliwa ni mji wenyewe, mtafuatilia marekebisho wakati wenzenu wanasaini mikataba.

Maelezo ya mradi yaandikwe kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote kwenye fomu. Sentensi ile fupi inaingia kwenye maelezo rasmi ya bajeti, na baadaye wizara inalipia kile tu kinachosomeka pale. Mkiandika "kujenga uwanja wa nyasi bandia wenye taa nane" kisha bei zikapanda mkalazimika kujenga wa nyasi asilia, mtakuwa nje ya maelezo, na kuyabadilisha kunaweza kuhitaji Bunge lenyewe lirekebishe. "Kuboresha bustani" ikifuatwa na jina la mahali inawaachia nafasi. Makadirio nayo yapigwe kwa bei za mwaka wa ujenzi, maana kiasi kilichoandikwa hakiongezwi kwa sababu saruji imepanda.

Kisha subirini mkijua kwamba mnaweza kukosa bila kosa lenu. Machi 2025 Bunge lilipitisha bajeti ya kuendeleza matumizi kwa mwaka mzima, na miradi yote iliyoombwa kwa njia hii kwa mwaka wa fedha 2025 ikafutwa. Halmashauri iliyokuwa imeshasaini na mkandarasi ilibaki na deni lake.

Tuseme mmepata. Fedha haziji kama zawadi ya harusi ndani ya bahasha; kwa kawaida mji unalipa kwanza ndipo unarudishiwa. Chukua uwanja wa soka wa dola milioni 2.4, wenye milioni 1 kutoka Washington. Mkandarasi akileta ankara ya dola 300,000 kila mwezi, na marejesho yakachukua wiki nane hadi kumi na mbili kati ya ukaguzi wa nyaraka na malipo, mji unahitaji kuwa na dola 600,000 hadi 900,000 mkononi kabla marejesho ya kwanza hayajafika. Mji usio na akiba utakopa, na riba hiyo ni gharama ya mradi hata kama haionekani kwenye fomu.

Sehemu inayoua miradi mingi kimyakimya ni mapitio ya mazingira. Bustani na kumbi nyingi hupitia Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ijulikanayo kama HUD, na kanuni zake zinaufanya mji wenyewe kuwa mwenye jukumu la mapitio hayo. Sharti kuu ni hili: ruzuku ikishaingia kwenye mradi, hakuna anayeruhusiwa kununua ardhi, kubomoa au kusaini mkataba wa ujenzi kabla ya kibali cha HUD. Katazo hilo linagusa hata fedha za mji wenyewe. Meya anayefurahia habari njema na kuharakisha kununua kiwanja cha jirani kwa fedha za ndani anaweza kuupotezea mji ruzuku yote. Mkihofia kukikosa kiwanja, tumieni mkataba wa haki ya kununua baadaye, wenye malipo madogo na sharti kwamba ununuzi unategemea matokeo ya mapitio.

Bustani zina tatizo lake la ziada: ziko mtoni. Miji mingi ilifanya bustani pale ambapo nyumba zisingeweza kukaa, yaani kwenye bonde la mafuriko. Hapo kuna hatua nane za uamuzi, zenye tangazo la awali la siku 15 na la mwisho la siku 7. Ofisi ya jimbo ya hifadhi ya mambo ya kale na makabila ya asili hupewa siku 30 kujibu. Jengo jipya likihitaji tathmini kamili, tangazo la pamoja linakaa siku 15 kwa maoni ya wananchi, kisha HUD inasubiri siku 15 nyingine za pingamizi. Ukizipanga zifuatane, msimu wa ujenzi wa majimbo ya baridi umekwisha. Zinazoweza kwenda pamoja zianze siku moja.

Vifaa ni suala jingine. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 inataka miundombinu inayojengwa kwa fedha za shirikisho itumie chuma kilichotengenezwa Marekani tangu kuyeyushwa hadi kupakwa rangi. Bidhaa za kiwandani nazo ziundwe Marekani, na zaidi ya 55% ya gharama ya vipuri vyake viwe vya Marekani. Pampu za bwawa, taa za uwanja, bembea na majukwaa ya watazamaji vyote vinaguswa. Sharti liandikwe ndani ya tangazo la zabuni, na mkandarasi alete cheti cha mtengenezaji kabla kifaa hakijafungwa. Cheti kinachotafutwa baada ya taa kuwashwa mara nyingi hakipatikani. Zabuni za ujenzi mkubwa zinahitaji pia dhamana ya zabuni ya 5%, na za utekelezaji na malipo za 100% kila moja. Msanifu aliyeandika vipimo vya kazi haruhusiwi kuomba kazi hiyohiyo.

Mhasibu wa mji naye ahesabu fedha zote za shirikisho kwa mwaka, zikiwemo zinazopitia jimbo. Matumizi yakifika dola milioni 1, ukaguzi maalumu wa hesabu ni lazima (zamani kiwango kilikuwa dola 750,000). Kama mradi unaweza kugawanywa kihalali kati ya miaka miwili ya fedha, linganisheni gharama ya mkaguzi kabla ya kupanga ratiba.

Kwa mji ambao mbunge hakuuchagua, njia ninayoipendekeza zaidi ni Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, ulioanza kazi mwaka 1965. Tangu 2020 mfuko mzima unapata dola milioni 900 kwa mwaka kwa kudumu, na sehemu yake inakwenda majimboni kwa ajili ya viwanja na bustani. Unalipia nusu ya gharama. Nusu nyingine ni yenu. Sharti lake ni zito: eneo lililosaidiwa linabaki la burudani ya nje milele. Siku halmashauri ikitaka kujenga kituo cha zimamoto kwenye kona ya bustani, itatafuta ardhi mbadala yenye thamani isiyopungua na manufaa yanayolingana, na kupata idhini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Mstari wa mpaka kwa kawaida huzunguka bustani nzima, hata kama fedha zimejenga uwanja mmoja tu. Mipango ya barabara na mabomba ichunguzwe kabla ya mstari kuchorwa. Kwangu hilo ni ulinzi mzuri kwa watoto watakaozaliwa, lakini madiwani walijue wakati wa kupiga kura.

Wala hakuna ruzuku kati ya hizi itakayolipa umeme, waokoaji wa bwawani au mkata nyasi. Nyasi bandia huchakaa kwa takriban miaka minane hadi kumi. Azimio la madiwani liseme bayana kiasi gani kitawekwa kila mwaka kwa ajili ya kuzibadilisha.

Jumuiya za wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia miji ya Marekani, wakiwemo Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi, zina nafasi hapa ambayo hazitumii vya kutosha. Fomu ya mbunge inataka ushahidi kwamba jamii inauhitaji mradi. Barua ya chama chenu ina uzito ikitaja idadi ya wanachama, watoto wanachezea wapi sasa, umbali wa kufika hapo, na siku na saa mtakazotumia uwanja mpya. Barua kumi zinazofanana neno kwa neno husomwa kama moja. Ipelekeni kwa karani wa mji, mwisho wa mwaka, kabla madiwani hawajapitisha azimio, kwa sababu likishapita maelezo ya mradi hayaguswi kirahisi.