Mvua Yanya, Si Matusi: Dhana Potofu Kuhusu Maneno Yanayoudhi

Mama alikuwa akisikia tu upepo umegeuka, hupiga ukelele kutoka jikoni: "Mvua yanya! Anueni karafuu!" Sote tunatoka mbio uwanjani kukunja majamvi, maana karafuu iliyoanza kukauka ikirowa hupoteza rangi, inashuka daraja, na kazi ya siku zote zile imekwenda bure. Kwa hiyo Pemba nimekua nikijua kwamba mvua hunya. Nilipopelekwa Dar es Salaam kwa mjomba, nikiwa darasa la tano, siku moja nikamwambia mwalimu kwa adabu zangu zote, "Mwalimu, nje mvua inakunya." Darasa likaangua kicheko. Mimi nikala bakora mbili kwa kutukana darasani. Wakati wa mapumziko ndipo wenzangu waliponieleza kuwa kwao mvua hunyesha, na kunya ni kwenda haja kubwa, basi.

Bakora zile zimenifanya nisikilize sana watu wanaposema "hili ni tusi, lile si tusi". Mengi wanayoyashikilia hayasimami.

Dhana: Tusi ni tusi, popote linaposemwa

Kitenzi kunya kimebeba maana mbili tangu hapo kale, ya mvua na ya haja, na msikilizaji wa mwambao hahitaji kutenganishiwa, kwani anaona mawingu. Hata kunyesha kumezaliwa na kunya huko huko. Na skuli hizo hizo zinafundisha methali "Mchama ago hanyele, huenda akauya papo", yaani anayehama kambi asiichafue, pengine atarudi hapo hapo. Mtoto akiiandika kwenye mtihani anapewa alama, hachapwi. Kitenzi ni kile kile.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928, lakini si kila tunachokisema visiwani kilipita mlangoni. Sisi tunatia sukari kwenye chai na chumvi kwenye mchuzi bila wasiwasi wowote. Ukilisema neno tia mbele ya vijana wa bara, unawaona wanatazamana na kucheka, kwa sababu kwao limeshapewa kazi nyengine.

Dhana: Ukitaka kujua kama neno ni tusi, fungua kamusi

Chukua mamako. Ni mama, na -ko ya "yako" nyuma yake. "Mamako hajambo?" ni swali la heri. Lakini litupe peke yake katikati ya ugomvi, kwa sauti iliyokatwa, na watu watashikana mashati. Haikubadilika hata herufi moja. Ndiyo maana wengi wetu hujikinga mapema, tukauliza "Mama hajambo?" au "Bi mkubwa hajambo?" ili lisije likasikika vibaya. Ndugu yake, nyoko, hakupata bahati ya kukingwa. Katika Kiswahili cha zamani naye alikuwa mama yako tu, wala hapakuwa na aibu. Leo huwezi kumtamka mbele ya wazee.

Au shoga. Pita soko la Darajani, mjini Unguja, asubuhi usikilize wanawake wakichagua samaki: "Shoga, hebu mtazame changu huyu, macho yashaingia ndani." Hapo shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, mtu wa siri zako. Mwanamme akiitwa hivyo ameshambuliwa, na anaweza kupata madhara ya kweli. Kamusi itakupa maana zote mbili, lakini haikwambii nani amesimama mbele ya nani.

Dhana: Kama sikukusudia, sijamtukana mtu

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu sisi wenyewe wa visiwani tunajificha nyuma yake.

Bibi akimpakata mjukuu aliyezaliwa juzi, akampapasa kisogo na kusema "chogo hili la babu yake kabisa", hapo pana mapenzi matupu. Neno hilo hilo tunamwita nalo mtu wa bara aliyekuja Unguja kujenga nyumba zetu na kutubebea mizigo: chogo, machogo. Ukimkanya anayelitumia atakwambia, "Ah, yakhe, ndivyo tunavyosema, sina nia mbaya." Huenda kweli hana. Lakini anayeitwa analisikia kila siku, kutoka kwa watu wasiojua hata jina lake, na kila mara anakumbushwa kwamba hapa si kwao. Nia ya msemaji ni sehemu moja tu ya neno. Sehemu nyengine iko kwa aliyelisikia, na yeye ana historia yake.

Na hapa Zanzibar historia ni nzito. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Mtumwa ni aliyetumwa, neno la shina moja na Mtume na mtumishi, na hadi leo wapo watu Unguja na Pemba wanaoitwa Mtumwa, jina waliloitwa na wazazi wao kwa mapenzi. Ukimwita Bi Mtumwa kwa jina lake umemheshimu. Ukimwambia jirani kuwa babu yake alikuwa mtumwa, umefukua kaburi. Mshenzi nalo, waungwana wa mwambao walikuwa wakiwaita hivyo watu wa bara, kabla halijawa tusi la kumrushia yeyote.

Zeruzeru naliweka hapa hapa. Wanaoitwa hivyo wamesema wazi kwamba linawaumiza, na mtu mwenye ualbino hana haja ya kutuletea ushahidi zaidi.

Dhana: Baina ya watani hakuna tusi

"Mpemba akipata gogo, hanyii chini." Nikiwa na Wapemba wenzangu barazani, mmoja amepata nafasi akaing'ang'ania, tunamtupia methali hii naye anacheka mpaka machozi. Niliwahi kuisikia pia kwa mtu aliyekuwa na mamlaka ya kunipa kazi au kuninyima, nimesimama mbele ya meza yake, wenzake wakitabasamu. Sikuwa na la kumjibu. Utani unataka pande mbili zinazoweza kurudishiana. Aliyeshika faili langu hakuwa mtani wangu siku ile.

Dhana: Maneno mazuri hayatukani

Anayesema hivi hajawahi kukaa na kanga. Kanga moja yenye jina la kusifu subira, mume akimletea mkewe ni zawadi. Mke mwenza akiivaa na kupita nayo mlangoni mara tatu asubuhi moja, ni habari nyengine kabisa.

Kwenye taarab ni hivyo hivyo. Nimeona kwa macho yangu, kwenye harusi moja ya mjini: mwimbaji amefika kwenye beti la ua lililonyauka, beti tamu, halina neno hata moja chafu. Mwanamke mmoja akainuka kwenda kutunza. Noti kaiinua juu ya kichwa, anatembea polepole na mwendo wa ngoma, na badala ya kwenda moja kwa moja jukwaani akazunguka kiti cha mwenzake, akasimama hapo kidogo, akatabasamu, kisha akaendelea. Aliyezungukwa alijifunika kanga yake usoni, akamshika mtoto wake mkono, akatoka. Kila aliyekuwepo alijua ametukanwa. Kama angekwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kushtaki, asingekuwa na neno la kumtajia.